Esarhaddon, mfalme wa Ashuru aliyeuliza miungu kabla ya kila hatua

Kama kipindi kilikupita kwa sababu ulikuwa shambani, au betri za redio ziliisha katikati, hapa utapata habari yote kwa maandishi. Isome taratibu, na ukipenda msomee na jirani.

Safari hii tunamzungumzia mfalme aliyekufa zaidi ya miaka 2,600 iliyopita. Jina lake ni Esarhaddon. Waliosoma Biblia ya Kiswahili wamekutana naye kwa jina la Esar-hadoni, mwana wa Senakeribu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme na katika Isaya. Huko anatajwa kwa haraka tu: baba yake aliuawa na wanawe, na yeye akashika kiti. Mji wake mkuu, Ninawi, unajulikana kwa Wakristo na Waislamu pia, maana ndio mji unaotajwa katika habari za nabii Yona, au Yunus. Leo mahali hapo pamo ndani ya jiji la Mosul, kaskazini mwa Iraki.

Tumemchagua kwa sababu moja. Wafalme wengi wa kale wameacha maandishi ya kujisifu. Huyu ameacha ya kujisifu, na bahati imetuachia pia barua alizoandikiana na waganga wake, wanajimu wake na wapelelezi wake. Kwenye maandishi ya kifalme tunamwona mtu aliyechaguliwa na miungu, asiyeshindwa. Kwenye barua tunamwona mtu mgonjwa, mwenye hofu, asiyekula. Ni mtu huyo huyo, katika miaka ile ile.

Kabla hatujaanza, neno moja kuhusu hesabu ya miaka. Tukiandika KK tunamaanisha kabla ya Kristo, na miaka hiyo huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Kwa hiyo mwaka 689 KK ulitangulia mwaka 669 KK.

Mtoto mdogo anayepewa kiti

Ashuru ilikuwa dola kubwa kuliko zote za wakati wake. Mungu wake mkuu aliitwa Ashur. Katika imani yao, mfalme wa kweli alikuwa mungu huyo, na binadamu aliyeketi kwenye kiti alikuwa mwakilishi na kuhani wake. Kwa hiyo mfalme hakutakiwa kusema kwamba ametawala kwa sababu ana nguvu. Alitakiwa kuonyesha kwamba miungu ndiyo iliyomtaka.

Esarhaddon alihitaji ushahidi huo kuliko wengine, kwa kuwa hakuwa mtoto wa kwanza. Hata jina lake linasema hivyo. Kwa lugha yao ya Kiakadi, maana yake ni kwamba Ashur ametoa ndugu. Jina kama hilo hupewa mtoto aliyekuta wenzake tayari wamo nyumbani.

Kaka yake mkubwa aliwekwa na baba yao kuwa mfalme wa Babeli, mji mkubwa wa kusini. Mwaka 694 KK watu wa Babeli walimkamata na kumkabidhi kwa maadui zao wa Elamu, na hakuonekana tena. Senakeribu aliuzingira mji huo kwa muda mrefu, na mwaka 689 KK akauteka. Katika maandishi yake mwenyewe anajivunia kwamba alibomoa nyumba na mahekalu, akachimba mifereji katikati ya mji na kuyaacha maji yaufute. Sanamu ya Marduk, mungu mkuu wa Babeli, ilichukuliwa kwenda Ashuru. Shikilia habari hiyo, tutairudia.

Miaka michache baadaye Senakeribu alimtangaza Esarhaddon kuwa mrithi, akiwaruka kaka zake. Mama yake, Naqia, alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa katika jumba la mfalme. Esarhaddon mwenyewe anaandika kwamba baba yake aliuliza miungu ya jua na mvua, Shamash na Adad, kwa njia ya ubashiri, na jibu likawa ndiyo. Ndugu wote waliapishwa kuheshimu uamuzi huo.

Kiapo hakikuzuia wivu. Kaka zake walianza kumsema vibaya, moyo wa baba ukaanza kupoa, na Esarhaddon akaondoshwa mjini akakaa mafichoni upande wa magharibi. Akiwa huko, mwishoni mwa mwaka 681 KK kwa hesabu yetu, Senakeribu aliuawa. Barua moja ya Kiakadi inamtaja kiongozi wa njama hiyo kuwa Arda-Mulissu, mmoja wa kaka zake.

Mwendo wa wakati wa baridi

Tuangalie sasa jinsi Esarhaddon alivyoisimulia habari hiyo katika maandishi yake ya kifalme. Anasema kaka zake walipatwa na wazimu, wakafanya mambo yasiyompendeza mungu wala binadamu, wakapigana visu ndani ya Ninawi kama mbuzi wanaogongana pembe. Lakini habari ya baba kuuawa hasemi waziwazi. Jambo kubwa kuliko yote katika familia yake limeachwa nje.

Anasema alipopata habari alilia, akararua nguo zake, akainua mikono kuomba. Aliwauliza miungu kupitia wabashiri, wakamjibu aende bila kuchelewa, nao watakwenda pamoja naye. Hakungoja farasi wala chakula cha safari. Ilikuwa mwezi wa baridi kali na theluji, wakati ambao majeshi hayatembei. Alipokutana na jeshi la kaka zake, anasema mungu wa kike Ishtar alivunja pinde zao, na askari wao wakahamia upande wake wakimwita mfalme. Mwanzoni mwa mwaka 680 KK aliingia Ninawi na kuketi kwenye kiti cha baba yake. Kaka zake wakakimbilia nchi ya mbali.

Unaona namna maneno yanavyofanya kazi. Mtu mwingine angesema kijana mmoja alishinda vita ya kugombea urithi, na askari wakahama kwa sababu waliona mwelekeo wa upepo. Maandishi ya mfalme yanasema miungu ilitaka hivyo tangu zamani, na vita ilithibitisha tu. Hatuna sababu ya kudhani kwamba alikuwa anadanganya. Mtu aliyetoka mafichoni akiwa na kundi dogo na kukuta jeshi kubwa linamfungulia njia, ni rahisi kwake kuamini kwamba mkono usioonekana umemsaidia.

Katika siku hizo pia wanawake waliotabiri kwa jina la Ishtar wa mji wa Arbela walimletea maneno ya kumtia moyo: kwamba asiogope, na kwamba mungu huyo ndiye aliyemlea. Maneno hayo yaliandikwa kwenye vibao vya udongo na kutunzwa.

Miaka 70 inageuka kuwa 11

Tulisema tutairudia Babeli. Esarhaddon alikuta mji huo ni magofu, watu wake wametawanyika na wengine wameuzwa utumwani. Aliamua kuujenga upya. Hapo alikutana na tatizo zito: mtu aliyeubomoa ni baba yake mzazi, tena mfalme wa Ashuru. Kumlaumu baba ni kutukana kiti alichokalia. Kukaa kimya ni kuwaacha watu wa kusini na kinyongo chao.

Waandishi wake walipata njia. Maandishi yanasema watu wa Babeli walifanya uovu, wakaonea wanyonge, wakachukua mali ya hekalu la Marduk kuwalipa Waelamu. Marduk akakasirika. Mto ukafurika ukaufunika mji, miungu yake ikaruka kama ndege ikaenda mbinguni. Senakeribu hatajwi. Jeshi halitajwi. Maji yapo, lakini aliyechimba mifereji hayupo.

Kisha yanasema kwamba Marduk aliandika kwenye kibao cha majaliwa kuwa mji utakaa ukiwa kwa miaka 70. Lakini moyo wake ukapoa, akaigeuza namba hiyo, ikawa 11. Anayesoma leo anaweza kushangaa 70 inageukaje kuwa 11. Jibu limo katika namna walivyoandika. Walikandamiza udongo mbichi kwa kijiti, zikatokea alama zenye umbo la kabari. Alama iliyosimama ilikuwa moja, lakini pia ilikuwa 60, kutegemea mahali ilipokaa. Alama ya pembe ilikuwa 10. Ukiandika iliyosimama kwanza halafu pembe, unapata 60 na 10, yaani 70. Ukizibadilisha nafasi, pembe ikatangulia, unapata 10 na 1, yaani 11. Kwa hiyo mungu hakufuta alichokiandika. Alama ni zile zile mbili, zimebadilishana nafasi tu.

Huenda wengine watacheka na kusema ni ujanja wa makarani. Tuangalie kazi iliyofuata. Esarhaddon anasema alibeba kikapu cha udongo kichwani mwake na kufyatua matofali, na kwamba udongo ulichanganywa na mafuta, asali, samli, bia na divai. Mfalme wa dola kubwa kubeba karai kama kibarua ilikuwa ishara ya zamani ya unyenyekevu mbele ya miungu. Aliwarudisha waliotawanyika, akawanunua waliouzwa, akawapa nguo, akawaambia wajenge nyumba, wapande miti na wachimbe mifereji. Hekalu la Marduk lilianza kusimama tena.

Hata mafundi wa kutengeneza sanamu za miungu hawakuchaguliwa na yeye peke yake. Anaandika kwamba jambo hilo lilimtia hofu: binadamu asiyeona wala kusikia, asiyejua kesho yake, atawezaje kutengeneza mungu? Aliwaweka wabashiri katika makundi tofauti, kila kundi likauliza kivyake, na majibu yao yakafanana. Ndipo kazi ikaanza.

Maswali kwenye ini la kondoo

Ubashiri huo ulifanyikaje? Njia iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa kuchinja kondoo na kusoma ini lake. Kwanza swali liliandikwa na kusomwa mbele ya Shamash, mungu wa jua na wa haki. Kisha kondoo akachinjwa, na mbashiri akakagua ini sehemu kwa sehemu: mikunjo, alama, umbo la nyongo. Kila alama ilikuwa na maana iliyofundishwa kwa miaka mingi. Baadhi ya wasikilizaji wetu kutoka jamii za wafugaji wanafahamu wazee wanaosoma matumbo ya mbuzi, hawatashangaa sana.

Maswali ya Esarhaddon yamebaki, na ni maswali ya mtawala aliye kazini. Je, adui fulani atauteka mji fulani kati ya siku hii na siku ile? Je, akimpa binti yake mfalme wa Waskithi aoe, mtu huyo ataitunza amani? Je, afisa anayetaka kumteua atakuwa mwaminifu? Je, mwanawe aingie kwenye nyumba ya mrithi?

Kumbuka mtu anayeuliza ni nani. Baba yake aliuawa na damu yake mwenyewe. Kaka zake walikula kiapo wakakivunja. Mtu kama huyo hawezi kusoma nyuso za watu na kulala usingizi. Aliona heri asome ini la kondoo, ambalo halina wivu wala tamaa ya kiti.

Mwili unaokataa

Maandishi ya kifalme yanamwonyesha Esarhaddon akiwa simba. Mwaka 677 KK mfalme wa Sidoni, mji wa pwani ya Bahari ya Kati, alipoasi, Esarhaddon anasema alimvua baharini kama samaki na kumkata kichwa. Kichwa hicho na cha mwenzake vilivishwa shingoni mwa wakuu wao, wakatembezwa Ninawi kwa nyimbo. Anaandika alifanya hivyo ili watu wauone uwezo wa Ashur, bwana wake. Tusilifiche hilo. Mtu aliyebeba kikapu cha udongo kwa unyenyekevu ndiye aliyevisha watu vichwa vya watu, na yote mawili aliyaita ucha mungu.

Barua za jumbani zinasema habari nyingine. Mfalme alikuwa na homa zinazokuja na kuondoka, udhaifu wa mikono na miguu, vipele mwilini, maumivu ya macho na masikio. Tabibu wake, Urad-Nanaya, alimwandikia kujibu lawama: mfalme alikuwa anauliza kwa nini hawatambui ugonjwa wake na kuuponya. Wakati mwingine alijifungia bila kula, na wataalamu wake wakamsihi ale. Katika miaka hiyo mke wake mkuu, Esharra-hammat, naye alifariki.

Leo kuugua si aibu. Kwao, mfalme mgonjwa ilikuwa hatari ya taifa, kwa sababu ugonjwa ulionekana kuwa ghadhabu ya miungu. Kama miungu ilimchagua, mbona inampiga? Swali hilo halikuandikwa kwenye ukuta wa hekalu lolote. Limo katikati ya mistari ya barua.

Mfalme wa siku chache

Hapa tunafika mahali pagumu zaidi katika maisha yake. Wanajimu wa Ashuru na Babeli waliangalia mbingu kila usiku. Kupatwa kwa mwezi kulikuwa habari mbaya, na kulingana na sehemu ya mwezi iliyotiwa giza, walijua ni mfalme wa nchi gani anayetishiwa kifo. Kama sayari ya Mshtarii ilionekana wakati huo, mfalme alikuwa salama. Kama haikuonekana, ilibidi hukumu imkute mfalme.

Dawa yake ilikuwa kumweka mfalme mbadala. Mtu mwingine alivishwa mavazi ya kifalme, akaketishwa kwenye kiti, akapewa na malkia. Mfalme wa kweli alikaa pembeni, na wataalamu walipomwandikia katika siku hizo walimwita mkulima. Muda ungeweza kufika siku 100. Ulipokwisha, mbadala aliuawa, hukumu ikawa imetimia, na mfalme akarudi kitini akiwa msafi.

Esarhaddon alitumia njia hiyo zaidi ya mara moja. Kwa kawaida aliyeketishwa alikuwa mtu asiye na mtetezi. Lakini mara moja aliyewekwa alikuwa Damqi, mtoto wa msimamizi mkuu wa hekalu la mji wa Akkad. Mjumbe wa mfalme, Mar-Issar, aliandika taarifa: Damqi amekufa, yeye na malkia wake, ili kumkomboa mfalme. Wamepambwa, wamezikwa kwa heshima, wameliliwa. Watu wa Akkad waliingiwa na hofu, wakatulizwa.

Barua inamalizia habari hiyo kwa utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu. Sisi tulipoisoma tulinyamaza kidogo. Mar-Issar hakuwa mtu katili wa hadithi. Katika barua zake nyingine anahangaika na matengenezo ya mahekalu na sadaka zilizochelewa. Aliamini kwamba kifo cha mtu mmoja kimeokoa nchi nzima. Damqi aliamini nini, hakuna kibao kinachosema.

Misri na mfalme wa Kushi

Mwaka 671 KK Esarhaddon alifanya jambo ambalo hakuna mfalme wa Ashuru aliyewahi kulifanya: aliiteka Misri. Wakati huo Misri ilitawaliwa na wafalme wa Kushi, Waafrika kutoka nchi ambayo leo ni Sudan. Aliyekuwa kitini ni Taharqa, ambaye Biblia humwita Tirhaka. Miaka michache kabla, jeshi la Ashuru lilikwenda huko likapigwa. Habari hiyo imo katika kumbukumbu za Babeli. Katika maandishi ya Esarhaddon mwenyewe huipati.

Mara ya pili alivuka jangwa la Sinai kwa msaada wa ngamia wa Waarabu waliobeba maji. Anasema alipigana kila siku kwa siku 15, akamjeruhi Taharqa kwa mishale mara tano, na akauteka mji wa Memphis kwa nusu siku. Taharqa alitoroka, lakini mke wake na mwanawe walikamatwa. Jiwe kubwa la kumbukumbu, lililofukuliwa mwaka 1888 huko Zincirli, kusini mwa Uturuki, linamwonyesha Esarhaddon akiwa mrefu kama mnara, ameshika kamba, na mwisho wa kamba kuna watu wawili wadogo waliofungwa. Jiwe hilo liko Berlin, Ujerumani.

Njiani kwenda Misri alipita Harran, mji wa mungu wa mwezi, Sin. Nje ya mji lilijengwa hekalu la mbao za mwerezi, akaingia, akaambiwa atakwenda na kuziteka nchi. Akaenda, akazishinda.

Lakini muda si mrefu, kutoka huko huko Harran, ikaja habari nyingine. Mtu aitwaye Nabu-rehtu-usur alimwandikia mfalme kwamba kijakazi mmoja kando ya mji amepandisha na kusema kwa jina la mungu Nusku: ufalme ni wa mtu mmoja aitwaye Sasi, na uzao wa Senakeribu utafutwa.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Esarhaddon alijenga utawala wake wote juu ya wazo kwamba miungu husema kupitia wanawake wanaotabiri, wabashiri na ishara. Sasa mlango ule ule aliopitia yeye ulikuwa umefunguliwa kwa mtu mwingine. Hakuweza kusema kwamba miungu haisemi kwa njia hiyo. Ilibidi aseme kwamba safari hii si miungu iliyosema. Mwaka 670 KK, kumbukumbu zinasema kwa mstari mmoja tu, mfalme aliwaua wakuu wake wengi.

Kiapo cha mwisho

Esarhaddon hakutaka wanawe wapitie aliyopitia. Mwaka 672 KK aliwakusanya watu wa dola yake na kuwaapisha. Mwanawe Ashurbanipal angetawala Ashuru, na mwingine, Shamash-shumu-ukin, angetawala Babeli. Kiapo hicho kimepatikana, kimevunjika vipande vipande, katika magofu ya Nimrud mwaka 1955, na nakala nyingine ikapatikana Tell Tayinat, Uturuki, mwaka 2009. Kina laana ndefu kwa atakayekivunja. Kinaagiza pia kwamba mtu akisikia neno baya juu ya mrithi, hata likitoka kinywani mwa nabii au mbashiri, asilifiche, akalitoe kwa mfalme. Kwa hiyo sauti za miungu nazo ziliwekewa ulinzi.

Mwaka 669 KK Misri iliasi. Esarhaddon akaondoka tena na jeshi. Njiani akaugua, akafa. Kiti kilipita kwa amani kama alivyotaka, na mwaka uliofuata sanamu ya Marduk ikarudi Babeli. Lakini mwaka 652 KK wanawe wawili waliingia vitani wao kwa wao, na mwaka 648 KK Babeli, mji ule alioujenga kwa kikapu kichwani, ukaanguka kwa njaa mbele ya jeshi la mwanawe mwingine. Ninawi nao ukaangamizwa mwaka 612 KK.

Alimwandikia nani?

Maandishi mengi ya kifalme hayakuwekwa mahali pa kusomwa na watu. Yalizikwa ndani ya misingi ya mahekalu na majumba. Wasomaji wake walikuwa miungu, na mfalme wa baadaye atakayekuja kutengeneza jengo likichakaa. Esarhaddon anamwomba mfalme huyo apake maandishi hayo mafuta, atoe sadaka na kuyarudisha mahali pake. Hapo ndipo tunaelewa ukimya wake. Mtu akiandika barua kwa mungu aliyemtegemea na kwa wajukuu wasiozaliwa, haandiki homa yake, wala jeshi lake lililopigwa, wala jina la baba aliyebomoa mji.

Barua za waganga na wapelelezi hazikuombewa mafuta wala sadaka. Zilibaki chini ya kifusi cha Ninawi, zikafukuliwa katika karne ya 19, na nyingi ziko kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Na habari haijaisha. Huko Mosul kuna kilima ambacho juu yake ulisimama msikiti wa Nabii Yunus. Mwaka 2014 wapiganaji wa kundi la Dola la Kiislamu waliulipua. Walipofukuzwa, watu waliofika kukagua uharibifu walikuta mahandaki yamechimbwa chini ya kilima, na ndani yake kuta za jumba la kifalme lililokaa gizani miaka mingi, lenye maandishi ya jina la Esarhaddon. Kwenye kilima hicho hicho, mwaka 1954, vilikuwa vimepatikana vipande vya sanamu za Taharqa, mfalme wa Kushi.

Si kazi yetu kupima imani ya watu wa kale. Tulichotaka ni kukuonyesha mtu aliyetaka kwa moyo wote kujua mapenzi ya miungu, akauliza kabla ya kila hatua, na bado akaishi kwa hofu. Na karibu yake, watu kama Damqi waliolipa gharama ya majibu aliyopewa. Jadilianeni nyumbani na kwenye vijiwe, na tukikutana hewani mtuambie mmeonaje.